Shangazi anajibu: bima na safari ya kutafuta mtoto Massachusetts

Tangu 1987 sheria ya Massachusetts inazitaka bima zinazolipia ujauzito na uzazi zilipie pia matibabu ya ugumba, IVF (kurutubisha yai maabara, nje ya mwili) ikiwemo. Bado watu wetu wengi wanakwama.

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36. Tulitafuta mtoto miezi mitano, nikashika mimba, ikatoka. Nianze kuhesabu upya? (Worcester)

Marahaba mwanangu, pole sana. Huanzi upya. Ukishapita miaka 35 sheria inataka miezi sita ya kutafuta bila mafanikio, na ile uliyotafuta kabla mimba haijatoka inahesabiwa. Umebakiza mmoja. Mwombe daktari aandike tarehe zote kwenye faili, ya mimba kutoka pia, maana bima wataamua kwa karatasi hiyo.

Mume wangu yuko kampuni kubwa, kadi yetu ni ya bima ya hapahapa jimboni, lakini IVF wamekataa. Kwani sheria haituhusu? (Lowell)

Usiitazame kadi. Waajiri wengi wakubwa hulipia matibabu ya wafanyakazi kwa fedha zao wenyewe, kampuni ya bima inawafanyia makaratasi tu. Mpango wa aina hiyo uko chini ya sheria ya shirikisho ya 1974, na sheria ya jimbo haiugusi. Jambo hili linaniuma. Majirani wawili, kadi zinafanana. Mmoja amepanga sindano za IVF kwenye friji kando ya maziwa, mwenzake ameshika barua ya kukataliwa. Mumeo aulize kazini: "Anayelipa matibabu ni bima au ni ninyi?" Wakisema ni wao, wafanyakazi waombe kwa maandishi, kwani mwajiri anaruhusiwa kuongeza huduma hiyo. Nawe kama kazini kwako kuna bima, ulizia kabla msimu wa kujiandikisha haujapita.

Mimi niko MassHealth, bima ya jimbo ya wenye kipato kidogo. (Springfield)

Matibabu ya ugumba hawalipii, na naona ni dhuluma kwa wenye kipato kidogo. Ila uchunguzi wa kujua tatizo liko wapi wanalipia. Utumie.

Mume wangu hataki kupimwa, anasema tatizo ni langu.

Wewe utapigwa picha za mirija na kutolewa damu. Yeye ni kutoa mbegu kwenye kikombe kimoja tu. Mara nyingi sababu hukutwa upande wa mwanamume, au pande zote mbili. Mwambie ajizuie kumwaga mbegu siku mbili hadi saba, kisha mwende pamoja.