Wamisionari wazee wanakuja Machame: tuwapokeeje?

Dada, umeuliza mtawasaidiaje mume na mke wastaafu kutoka Ujerumani watakaokaa miaka miwili nyumba ya usharika. Nimewahi kuishi jirani na wazee wa namna hiyo, na ninayoyakumbuka ni mambo madogo.

Anzeni na baridi. Watu wa Ulaya hudhani Afrika yote ni joto, kisha Juni na Julai huko mlimani Kilimanjaro huwakuta na blanketi moja. Masika nayo njia huteleza, na mzee akianguka ni jambo zito. Watafutieni fimbo nzuri, wekeni mawe kwenye mteremko wa kwenda kanisani. Dawa zao za presha mkaziulizie mapema hospitali ya KCMC pale Moshi, zisije zikaisha ghafla. LUKU, umeme wa kulipia kabla, wataizoea wenyewe.

Kinachouma zaidi ni wajukuu walioachwa nyumbani. Ujerumani iko nyuma yetu saa moja wakati wa kiangazi chao, saa mbili wakati wa baridi, kwa hiyo jioni ndiyo saa yao ya kupiga simu. Mkipanga vikao jioni kila siku, mtawanyima hiyo faraja.

Na tafadhali, wasifanywe wageni wa kudumu. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893. Hawa wanakuja kwa kanisa lililokomaa. Mama aende sokoni akachague ndizi za mshare mwenyewe, baba apewe jembe akitaka. Watoto wawaamkie shikamoo, nao wazee wafundishwe kujibu marahaba siku ya kwanza.