Dar mpaka Tukuyu peke yangu, na tenti kwenye buti: najibu maswali

Wengi mmeuliza habari ya kwenda nyumbani Tukuyu kwa gari, peke yangu, nalala kwenye tenti njiani. Najibu ninayoyajua, mengine waulizeni mafundi.

Dada, mabasi yanafika Mbeya siku moja, we unalala njiani kufanya nini?

Basi lina madereva wa kupokezana, mi nipo mmoja. Dar mpaka Mbeya ni kilomita mia nane na kitu, na Tukuyu bado iko mbele. Afu mi nina sharti moja tu, milima yote naipita mchana. Kwaio natoka Dar giza bado lipo, Mikumi napita jua limeshatoka maana barabara inakata katikati ya hifadhi na ukigonga mnyama kuna kibao cha faini pale kila mnyama na bei yake, kwa dola. Mlima Kitonga napanda mchana, jioni niko pande za Iringa namenya viazi. Ukichelewa kutoka, lala Morogoro bana, mlima hauhami.

Nina IST otomatiki, Kitonga itapanda?

Itapanda, mbona zinapanda kila siku. Zima AC, weka 2, angalia mshale wa temperecha, nenda zako taratibu. Shida ya Kitonga sio gari yako, ni malori ya Tunduma yaliyojaa mzigo wa Zambia na Congo, yanapanda mwendo wa mtu anayetembea, utaona utingo yuko chini kashika gogo anafuata tairi la nyuma, likisita tu analiweka. Huku mwamba, huku korongo, na nyuma yako kuna mtu anapiga honi anataka upite konani. Usipite. Mwache apite yeye.

Kazi yenyewe iko kwenye kushuka, siku ya kurudi Dar. Shuka na gia ndogo, ile uliyopandia ndio ushukie, breki uzikanyage kidogo na kuachia. Kuna watu wanaweka nyutro eti wanaokoa mafuta, jamani, injini za siku hizi ukiondoa mguu kwenye mafuta gari likiwa ndani ya gia zinajikatia mafuta zenyewe, sasa hiyo nyutro inakuokolea nini zaidi ya kukuachia breki peke yake, na breki ikichemka unakanyaga inazama tu. Ukisikia harufu ya kuungua tafuta sehemu pana usimame, ipoe yenyewe. Maji usimwage.

Mwanamke peke yako, unalala wapi? Huogopi?

Naogopa ndio maana silali porini kwa kujificha. Kuna kampusaiti za kulipia pande za Iringa, kuna viwanja vya misheni na gesti ukiomba vizuri wanakupa kona, na kijijini naanza kwa mwenyekiti au mtendaji, najitambulisha, anajua nipo. Kujificha ndio kunaleta maneno, watu wakikuta tenti asubuhi hawajui ni ya nani hapo ndo kazi.

Karibu na Mafinga mama mmoja alinikuta nagonga vigingi. "Kamwene mwanangu, gari limekufa?" Nikamwambia kamwene mama, gari zima, nalala tu hapa, mwenyekiti anajua. Akaniangalia, akaangalia tenti, akauliza, "Na mume wako anajua?" Akaondoka anatikisa kichwa, dakika chache karudi na chupa ya chai ya tangawizi na blanketi. Blanketi nilimrudishia asubuhi, chai sikuacha hata tone.

Na kabla ya milima tuma lokesheni kwa mtu, sehemu zingine mtandao unapotea.

Nataka kulala hifadhi ya Kitulo mwezi wa saba, baridi ikoje?

Kali. Kule ni juu ya mita 2,600, mwezi wa sita na wa saba unaamka unakuta jalidi nyeupe juu ya majani. Watu wanarundika mablanketi juu wakati baridi inawapanda kutoka chini, we tandika kwanza, shuka sio godoro, tafuta sponji nene kabisa. Chupa ya maji ya moto weka miguuni. Jiko la mkaa ndani ya tenti HAPANA, hata kama limebaki makaa mawili, ile gesi yake haina harufu, unalala huamki. Maharage chemshia nyumbani kabisa, huko juu maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, utakesha.

Maua ya Kitulo yanachanua kuanzia Desemba mpaka Aprili, mwezi wa saba utaona nyasi tu. Ila huo msimu wa maua ndio wa mvua, na ile njia ya Chimala kupanda Matamba yenye kona hamsini na saba, kwa IST, na tope... pitia Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu.

Ninunue nini njiani?

Vitunguu Ruaha Mbuyuni, nyanya Ilula, lakini nunua ukiwa unarudi Dar. Kwenda Rungwe na mchele ni kichekesho, Kyela kwenye mchele wenyewe iko hapo chini.

Ukungu wa milima ya Uporoto, kabla ya kufika Tukuyu, unaupitaje?

Taa za chini, usiwashe full, inakurudia usoni unaona ukuta mweupe. Fuata mstari wa pembeni, dirisha shusha kidogo usikilize malori. Kukiwa kweupe ukishapita Isongole mlima Rungwe unao kushoto, mita 2,900 na ushee, hapo simama upige picha mana saa ijayo haupo.

Ukifika nyumbani unaendelea na tenti?

Kwa mama yangu? Nifunge tenti uwanjani majirani waseme nimenyimwa chumba? Tenti inabaki kwenye gari na hataki hata kuiona.