Mnaoanza kazi NGO Nairobi, someni hii kabla hamjashuka mtaani

Najua mmefunzwa kuandika proposali na kujaza ripoti za mfadhili, lakini kuna kitu sijaona kikifunzwa na ndicho kinamaliza mashirika. Watu wanaweza kusamehe kosa. Kufichwa hawasamehi.

Angalieni ile ya Oxfam, shirika la misaada la Uingereza. Baada ya tetemeko la Haiti la 2010 baadhi ya wafanyakazi wake huko walikuwa wanalipa wanawake kwa ngono, shirika likachunguza 2011, wengine wakafutwa wengine wakaachwa wajiuzulu, na lilipotoa taarifa likasema tu kulikuwa na utovu wa nidhamu bila kusema ni wa aina gani. Ikakaa hivyo mpaka Februari 2018 gazeti la The Times likaanika kila kitu. Ndani ya siku chache wachangiaji kama 7,000 waliokuwa wanatoa kila mara wakaacha, shirika likakubali kusimama kwanza kuomba pesa mpya za serikali ya Uingereza, na Juni hiyo hiyo Haiti ikalipiga marufuku. Mimi naona swali lililowaumiza zaidi ni mlijua tangu lini.

Sasa leteni hiyo hapa kwetu. Mama wa mtaa wa mabanda wa Mukuru aliyehesabiwa, akapigwa picha na watoto wake, akaandikisha kitambulisho halafu asione kitu, hatataja jina la shirika, atasema "hawa watu wa NGO", na wewe ukibisha mwezi ujao na mradi safi kabisa utaongeleshwa kupitia dirishani. Hiyo inaniuma sana manake Wakenya hutoa, 2011 wakati wa ukame mchango wa Kenyans for Kenya uliomba shilingi milioni 500 na watu wakatuma kwa M-Pesa mpaka lengo likapitwa.

Kwa hivyo anzeni na vitu vidogo. Usisaini orodha ya mkutano kwa niaba ya mtu ambaye hakuja, utaambiwa ati posho imebaki, ati kila mtu hufanya, ati mfadhili hatajua, na siku mkaguzi akianza kupigia hizo namba za simu moja moja waliokwambia usaini hawatakuwepo, jina litakalobaki kwenye karatasi ni lako. Mchango usipite kwa laini yako hata kama ni kwa siku moja tu, paybill ya shirika, ile namba yake ya kupokea pesa kwa M-Pesa, ipo. Bandikeni bajeti ya mradi pale social hall watu wasome, na namba ya malalamiko isiwe ya yule yule afisa anayegawa vitu, nani atampigia kumshtaki yeye mwenyewe?

Ukiona jambo baya andika, weka tarehe, peleka kwa meneja, kama meneja ndiye shida peleka kwa bodi. Sheria ya mashirika ya manufaa kwa umma, ile ya 2013, imeanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 kwa hivyo mambo ya hesabu na ripoti za kila mwaka si hiari ya bosi.

Na ukiitwa intavyu usiogope kuwauliza mtu wa mtaani akiwa na malalamiko anaenda wapi, na la mwisho mlilopokea mlilimaliza vipi. Wakianza kuangaliana, omba siku mbili za kufikiria kabla hujasaini kandarasi.