Kimea cha Agosti Kisagwe Agosti

Tohara ya Wabukusu huwa Agosti ya miaka shufwa, na mwaka wake ukifika, huku Bungoma mambo yanaanza Juni. Vijana wanaojifunza kupika busaa, pombe yetu ya kienyeji, wanabeba gunia zima la kimea cha ulezi, yaani ulezi uliooteshwa na kukaushwa, hadi mashineni, wanasaga lote siku moja, wanajaza ndoo, wanakaza vifuniko na kuzipanga ukutani. Agosti ikifika pombe inakuwa kali ya uchachu tu, haina utamu wala nguvu, na wazee wanakunywa kwa adabu. Kila msimu ni yale yale. Wadogo zetu, tunawapenda na bidii yenu tunaiona, lakini hili la kusaga mapema limetuchosha. Tulieleze lote mara moja.

1. Ulezi una sifa yake, kimea kina yake, unga nao una yake. Ulezi mzima ni punje ndogo, ngumu, na fukusi hapati nafasi ya kulea mtoto ndani yake, ndiyo maana ghalani unakaa miaka. Mkishauotesha, sifa hiyo imekwisha. Ganda limepasuka pale mzizi ulipotokea, wanga wa ndani umelegea na umeanza kuvunjika. Hata hivyo kimea kizima, kikavu, kinakaa miezi sita bila neno, na mwaka kikitunzwa. Ukikisaga umeanza hesabu nyingine. Hewa inayafikia mafuta ya kiini cha punje na kuyavundisha, unyevu unaingia kutoka kila upande, na vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari vinapungua nguvu siku baada ya siku. Kipimo chetu ni hiki: siku tatu ndizo bora, wiki mbili zinavumilika mahali penye baridi na ndoo kavu, mwezi ndio mwisho.

Kwenye busaa jambo hili lina uzito kuliko kwenye uji. Mkarango, ule unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa, umeshapita motoni, hauna vimeng'enya wala chachu iliyo hai. Vyote viwili vinaletwa na kimea, tena kinachoingia kibichi. Kimea kikichoka, hakuna kingine pipani cha kufanya kazi yake.

2. Kausha mpaka mizizi ivunjike yenyewe ukisugua kimea viganjani, na punje ikatike "tk" kati ya meno. Punje inayobonyea bado ina maji. Anika tabaka jembamba juu ya turubai, si juu ya udongo, na ukiingize ndani kabla umande haujashuka. Mkiwa na shaka tumieni chumvi: chupa kavu ya kioo, kimea hadi theluthi yake, vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa vizuri, tikisa, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, unyevu umepita asilimia 15 na kimea hicho hakijafikia kuhifadhiwa. Lakini chumvi isiposhika msijitangazie ushindi, maana asilimia 14 nayo ni nyingi. Lengo ni 12 au chini yake.

3. Ndoo ya moto. Hapa lazima tukiri, kwa sababu kosa hili hamkulibuni nyinyi. Sisi tuliotangulia ndio tuliowafundisha. Tuliwaambia "jaza mpaka juu, kaza kifuniko, hewa isiingie," tukadhani tumemaliza kazi. Hatukuwaambia kwamba unga wa kimea unatoka mashineni ukiwa moto. Nyundo za mashine zinaupiga, zinausugua kwenye wavu, na ukitia mkono ndani ya gunia papo hapo unautoa haraka. Unga huo ndio tuliokuwa tukiutia ndooni moja kwa moja ili tuwahi nyumbani kabla ya mvua.

Tazameni kinachotokea. Ndoo ya lita 20 inaingia kama kilo 11 za unga. Kimea cha juani chenye unyevu wa asilimia 12 kinabeba, ndani ya kilo hizo 11, zaidi ya lita moja ya maji. Hamyaoni kwa sababu yametawanyika. Unga ukiwa moto, sehemu ya maji hayo inageuka mvuke na kupanda kwenye nafasi iliyobaki juu. Usiku plastiki inapoa kabla ya unga wa katikati, mvuke unakutana na kifuniko baridi, na asubuhi upande wa ndani wa kifuniko una matone kama ya sufuria iliyofunikwa. Matone yanadondoka. Kimea kizima kingekuwa kikavu kiasi hicho hicho, lakini nacho kingeingia ndooni kikiwa baridi. Ni mashine iliyoleta joto, na ni kifuniko kilichozuia mvuke kutoka.

Siku ya kwanza unga wa juu unashikana kama ganda jembamba la mkate. Siku ya tano kuna mabonge, na ukiyavunja yana vumbi la kijani au la manjano ndani. Na hapa ndipo tulipokosea vibaya zaidi, tukawafundisha pia: "chekecha, tupa mabonge, kilichobaki ni kizuri." Si kizuri. Kuvu huanza zamani kabla jicho halijamwona, na aina yake inayotoa sumukuvu haituachii alama. Sumukuvu haiondoki kwa kuchekecha, haimaliziki kwa kuchemshwa jikoni, na kuchacha hakuiondoi. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao wakafa. Yale yalikuwa mahindi, lakini kuvu hachagui nafaka. Ndoo yenye mabonge ya ukungu inamwagwa yote shimoni na kufukiwa. Kuku msiwape.

Dawa yake ni saa moja tu ya subira. Mwaga unga juu ya turubai safi kivulini, unene wa vidole viwili, upindue kwa mwiko kila robo saa, na usiutie ndooni mpaka kiganja kisihisi joto lolote. Ndoo iwe imekauka hata kwenye mfereji wa kifuniko, pale maji ya kuoshea yanapojificha.

4. Wavu. Punje ya ulezi ni ya milimita moja hivi, kwa hiyo wavu wa mashine wenye matundu ya milimita 2 utapitisha nyingi nzima, nazo hazitafanya kazi yoyote pipani. Ombeni wa milimita 1. Msiombe laini kama unga wa ugali: unapita kwenye kichujio, na unazeeka haraka kwa kuwa umeshika hewa zaidi.

5. Mashine ina unga wa mteja aliyewatangulia, pengine mahindi ya zamani yenye wadudu. Gorogoro moja (mkebe wa kilo mbili) ya kwanza ya kimea chenu iwe ya kusafishia, itengeni.

6. Fukusi hutaga ndani ya punje nzima iliyo kubwa kuliko ya ulezi. Anayestawi kwenye unga ni yule mdogo mwekundu wa milimita 3 au 4, anayekimbia mkitikisa ndoo. Akizidi, unga unachukua harufu kali ambayo pombe haiifichi. Mwenye friza aweke unga wiki moja kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Hata mayai yanakufa. Ila ukiutoa, acha mfuko umefungwa mpaka upate joto la chumba. Ukiufungua ungali baridi, hewa ya Juni inaacha maji juu ya unga, na mmerudi kwenye namba tatu.

7. Gunia zima la kimea likae kwenye mifuko ya PICS, ile yenye ngozi mbili za ndani na gunia la nje. Funga kila ngozi peke yake, juu ya mbao, mbali na ukuta. Mfuko huo hauruhusu maji kutoka, basi kausha kwanza. Andika tarehe, na kwenye ndoo andika tarehe ya kusaga, si ya kuanika.

Kwa wale wanaopika bia ya shayiri kwa vifaa vya nyumbani: kimea chenu kimekaushwa kwa moto hadi asilimia 4 au 5, kwa hiyo kinavuta unyevu kuliko cha juani. Pimeni mfuko kwa mizani. Kilo 5 zikisoma 5.15, mmeongeza gramu 150 za maji, na kimea cha asilimia 4.5 sasa kiko juu ya 7. Hakina tena ule mlio mkavu, na kila kipimo cha mapishi yenu kimekuwa cha uongo.

8. Kipimo cha uji, kwa ndoo yoyote mnayoitilia shaka lakini haina ukungu. Pikeni uji mzito wa gramu 50 za unga wa mahindi kwa nusu lita ya maji. Uepueni, usubiri hadi utulie kama nyuzi 60, ambapo kidole hakivumilii kuhesabu tatu. Tieni kijiko kimoja cha kimea, mkoroge, mfunike dakika kumi na tano. Kimea chenye nguvu kinaugeuza uji kuwa mwepesi, unamiminika kutoka kwenye mwiko kama chai ya maziwa, na ukiuonja una utamu. Uji ukiwa bado umeshika mwiko, usitie kimea hicho kwenye mkarango wa mtu yeyote. Nenda ukasage kingine asubuhi ya siku ya kupika.