Kwa afisa ugani mpya wa parachichi Nyanda za Juu Kusini: msaidie mkulima aweze kusubiri

Wewe uliyemaliza chuo na kupangiwa kata mojawapo katika Rungwe, Busokelo, Njombe au Mufindi, kisha ukaambiwa kwamba kazi yako ni kuwasaidia wakulima wadogo kuuza parachichi nje ya nchi, huenda ukadhani kwamba somo la kwanza ni upandaji. Wakulima wengi utakaowakuta wanajua kupanda kuliko unavyofikiri, na baadhi yao walikuwa na miti ya Hass, aina ya parachichi inayouzwa sana nje, wakati wewe ungali shule ya msingi. Kinachowapa taabu, na ambacho kitakula muda wako mwingi, ni kusubiri: kusubiri tunda likomae, kusubiri siku zinazotakiwa kati ya kupuliza dawa na kuchuma zitimie, kusubiri malipo yafike. Ukilijua hilo mapema utapunguza semina na kuongeza mazungumzo ya nyumbani.

Parachichi haliivi likiwa mtini. Hukomaa likiwa gumu, likaiva baada ya kuchumwa. Likichumwa changa husinyaa na kubaki na nyama kama mpira, na mnunuzi aliyelipokea baada ya wiki kadhaa za safari ya baharini hatakuwa na hamu ya kuagiza tena kutoka kijiji hicho. Kwa kuwa ukubwa wa tunda pekee hauonyeshi ukomavu wake, soko la Ulaya hupima mada kavu, yaani sehemu ya nyama ya tunda inayobaki maji yakishaondoka, na kwa Hass haitakiwi kuwa chini ya asilimia 21. Jifunze kupima mwenyewe, tena mbele ya mwenye shamba. Chukua vipande vyembamba vya nyama bila ganda wala kokwa, pima gramu 10, vikaushe taratibu kwenye oveni au maikrowevu bila kuviunguza hadi uzito usishuke tena. Kikibaki chini ya gramu 2.1, tunda hilo bado. Mzani mdogo kama wa sonara unatosha, na mkulima aliyeona namba ikitokea mbele yake habishani nayo kama anavyobishana na maneno yako.

Usipime shamba moja ukatangaza matokeo ya kata nzima. Matunda ya Isongole, kwenye baridi ya viazi mviringo, huchelewa kuliko ya mashamba ya chini yanayoelekea Kyela, na hata mti mmoja huchanua kwa awamu, kwa hiyo hubeba matunda ya umri tofauti. Anayechuma mti wote kwa siku moja amechanganya yaliyokomaa na machanga kabla hata kreti halijajaa.

Sasa jiulize kwa nini mtu anayeyajua haya yote bado anachuma mapema. Dalali amefika mlangoni na fedha taslimu mwezi Januari, shule zinafunguliwa, mahindi mapya bado hayajakauka shambani, na wewe umefika na mzani. Sioni faida ya kumtukana dalali, kwa maana katika wiki hiyo yeye ndiye aliyeleta msaada. Kaa na baba na mama wa nyumba hiyo pamoja, baada ya salamu na habari za nyumbani, mzani ukiwa bado mkobani, mpange ni mahitaji gani yanaangukia kabla ya tunda kukomaa na fedha yake itatoka wapi. Mara nyingi jibu ni mkopo mdogo wa VICOBA (vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana) au wa chama cha ushirika, na mara nyingi zaidi ni zao la muda mfupi, kama maharage au viazi, kati ya mistari ya miti michanga. Mkulima mwenye gunia la maharage la kuuza anaweza kumwambia dalali arudi baadaye.

Zao hilo la katikati, hata hivyo, ndilo linaloleta tatizo la dawa, na hapa nawasihi muwe waangalifu kuliko mahali pengine popote. Viazi vinapopuliziwa, upepo hupeleka dawa kwenye matunda ya jirani. Dawa isiyowekewa kiwango maalumu Ulaya huhesabiwa kwa kikomo cha miligramu 0.01 kwa kila kilo, ambacho ni sawa na gramu moja katika tani 100 za matunda; hakuna jicho la mkulima linaloweza kukadiria kiasi hicho. Klopirifosi, dawa ya kuua wadudu, kwa mfano, ilinyimwa idhini na Umoja wa Ulaya mwaka 2020. Wafundishe wakulima kusoma jina la kiambato kwenye lebo badala ya jina la biashara, kwa kuwa kiambato kimoja huuzwa kwa majina mengi, na orodha ya viuatilifu vilivyosajiliwa nchini iombeni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania. Kumbuka pia kwamba usajili wa nchini ni jambo moja na ruhusa ya soko la nje ni jambo jingine.

Kikundi kinachotafuta kwa pamoja cheti cha GLOBALG.A.P., yaani cheti cha kimataifa cha kilimo bora, hukaguliwa kwa sampuli: kikiwa na wanachama 100, mkaguzi wa nje huanza na wasiopungua 10, wakati ukaguzi wa ndani unapaswa kumfikia kila mmoja kila mwaka. Daftari la mwanachama mmoja likiwa tupu, au likiwa limejazwa usiku mmoja kwa kalamu moja (wakaguzi wanalijua hilo), cheti cha wote kinatikisika. Asiyejua kuandika apewe mtoto au jirani wa kumwandikia siku ileile ya kazi.

Kuhusu maji sitasema mengi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, kingo za mto au ziwa, na wapo watu waliorithi vinyungu vyao (bustani za kiangazi) mabondeni kutoka kwa babu zao. Usiende na amri. Anza na hoja ya kilimo: mizizi ya parachichi huoza penye maji yanayotuama, hivyo mti wa kudumu mahali pake ni mteremkoni, na majani makavu yaachwe chini yake ili udongo ushike unyevu wa kiangazi.

Siku ya kuchuma, zuieni kuchuma matunda yakiwa na umande au mvua, ingawa kwa Tukuyu hilo litawagharimu saa nyingi za asubuhi. Tumieni mkasi, acheni kikonyo kifupi, matunda yasiguse udongo, kreti zikae kivulini hadi gari lifike. Gari likishaondoka, fuatilia taarifa ya kituo cha kufungashia, uipeleke kwa kila mkulima kwa jina lake: kilo zilizopokelewa, zilizokataliwa, na sababu ya kukataliwa. Yale yaliyokataliwa kwa ukubwa au makovu ya ganda yana wanunuzi wa mafuta na soko la Mbeya mjini, kwa hiyo uliza bei zao kabla hujafika na taarifa hiyo.