Trei za Mayai Zirudisheni kwa Wafuga Kuku

Meseji zimejaa kuliko nafasi niliyonayo, kwa hiyo nimechagua. Wale walioandika "Fundi, nataka studio, nianzie wapi?" bila kusema wana chumba gani, shilingi ngapi na wanarekodi nini, watanisamehe. Mimi si mpiga ramli.

Nimekusanya trei za mayai tisini za kubandika ukutani ili sauti isitoke. Nizipake rangi kwanza au baadaye? (Makorora)

Kwanza zirudishe ulikozitoa. Hili nimelijibu mpaka midomo imekauka, ila naona bado kuna video zinazowadanganya watu.

Kazi ni mbili na watu wanazichanganya. Moja ni kuzuia sauti isitoke wala isiingie, na hiyo hufanywa na uzito: tofali, mlango mzito wa mbao, na kuziba kila ufa, kwa sababu panapopita hewa sauti nayo inapita. Ya pili ni kuituliza sauti iliyomo ndani isigonge kuta na kuirudia maiki. Hapo unahitaji kitu laini na kinene. Trei si nzito, si nene. Inameza kidogo zile sauti nyembamba za juu, "sss" na "tss", halafu mvumo wa katikati inauacha kama ulivyo. Matokeo yake mwimbaji anasikika kama kaingiza kichwa kwenye pipa. Ukiipaka rangi umeziba hata vile vitundu vilivyokuwa vinameza kidogo. Na usisahau kwamba ile ni karatasi kavu: siku waya ukipata moto, umelala ndani ya kiberiti.

Mwite seremala akutengenezee fremu za mbao zenye kina cha sentimita 10. Zijaze mataulo na masweta ya mtumba, zivishe kanga, uzitundike zikiwa zimeachana na ukuta kidogo. Masweta kwa joto hili la Tanga hayana mnunuzi, muuzaji atakuuzia robota huku anacheka. Fremu mbili za kwanza ziweke nyuma ya mwimbaji. Ndiyo, nyuma yake. Maiki nyingi za kuimbia zinasikiliza mbele, kwa hiyo zinamwona mwimbaji na ukuta ulio mgongoni mwake. Watu wananunua kile kingao cha sponji wanakifunga nyuma ya maiki, mahali ambapo maiki yenyewe imefumba macho.

Adhana inaingia kwenye vokali. Nitaizuiaje? (Ngamiani, Barabara ya 12)

Huizuii. Unajua inatoka saa ngapi, panga ratiba yako. Jirani mwenye kuku na yule wa bodaboda asiye na ekzosi ndio wa kuongea nao. Mvua ikianza juu ya bati nenda kalale.

Chumba changu ni futi kumi kwa kumi, na dari nayo futi kumi. Nikipiga gitaa la besi kuna noti moja inanguruma mpaka dirisha linatetemeka, nyingine hazina nguvu. Nimeshabadilisha spika mara mbili. (Donge)

Bwana mdogo, ungeniuliza kabla ya spika za pili. Tufanye hesabu pamoja. Katika joto la nyuzi 30 sauti inakwenda karibu mita 349 kwa sekunde. Futi kumi ni mita 3.05. Sauti ikienda ukuta wa pili na kurudi imetembea mita 6.1, gawanya 349 kwa 6.1, unapata kama 57. Maana yake noti yoyote inayotikisika karibu mara 57 kwa sekunde inakutana na yenyewe ikirudi, zinashikana mikono, zinavimba. Sasa uzi wa A wa gitaa la besi, ukiupiga wazi, ni 55. Umeona? Na kwa kuwa chumba chako kina kipimo kimoja kwa urefu, upana na kimo, mtego uleule umetegwa pande tatu. Chumba cha mchemraba ndicho kibaya kuliko vyote kwa muziki, na ndicho kila mwenye nyumba mjini anachojenga.

Usiniamini mimi. Mpe mtu gitaa, apige A ile ile polepole bila kuacha. Wewe simama kwenye kona, sikio karibu na ukuta: utadhani lori limepaki uani. Sasa tembea hadi katikati kabisa ya chumba, ukiwa umesimama vilevile. Noti inanyauka, karibu inakufa. Hujagusa spika, umetembea hatua mbili tu. Nina hakika kiti chako umekiweka hapohapo katikati, ndiyo maana unaongeza besi kwenye mchanganyiko, halafu ukiupeleka wimbo kwenye gari la rafiki yako milango inataka kung'oka.

Vuta kiti mpaka kichwa chako kiwe mita 1.15 hivi kutoka ukuta wa mbele. Spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu ya pande sawa. Kisha kwenye kona zote nne simamisha magunia ya nguo, sakafuni mpaka darini, manene kadiri utakavyoweza. Hayataimaliza shida, maana besi haimezwi kirahisi, lakini noti zako zitaanza kulingana. Ukichoka kupigana nayo, miksi kwa hedifoni kisha hakikisha kwa spika. Na zile spika za kwanza, kama hujaziuza, zilikuwa nzima.

Nina laki tatu. Maiki gani nzuri? (Hakusema yuko wapi)

Wala hukusema ya kazi gani. Kwa kuimba kwenye chumba kisichotulizwa, chukua dainamiki, aina ya maiki isiyodaka kila kelele. Shure SM58 ipo tangu 1966 na haijawahi kuniangusha. Ila tahadhari: ni kati ya maiki zinazoigizwa sana duniani. Mimi mwenyewe nilishauziwa ya bandia, boksi safi, stika safi, mpaka nilipoishika mkononi nikaona ni nyepesi kama bunzi la mahindi. Nenda na mwenye halisi, pima mkononi, imbieni zote mbili dukani. Muuzaji akikataa usijaribu, amekwisha kukujibu.

Kondensa, ile aina ya pili ya maiki, ni tamu, lakini inasikia kila kitu: feni, kunguru, mama mkwe wako jikoni. Tena nyingi zinataka umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundi kadi, kile kiboksi cha kuingizia sauti kwenye kompyuta. Kila wiki kuna anayeniandikia kwamba maiki yake mpya "imekufa", kumbe hajabonyeza kitufe cha 48V.

Maiki yangu ya kondensa imeanza kulia "krr krr" asubuhi, mchana inatulia. Ninaishi karibu na bahari. (Raskazone)

Unyevu. Ndani ya kondensa kuna utando mwembamba mno uliokaa karibu sana na bamba, na unyevu ukiingia katikati yao umeme unaruka vibaya, ndiyo hiyo krr krr. Mchana chumba kikikauka inapona, lakini msimu wa masika itakutesa.

Ukimaliza kurekodi usiiache kwenye stendi. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vingi vimeshashiba kabla havijakufikia, nunua vipya, hasa vile vya punje zinazobadilika rangi zikishiba. Usiianike juani. Usiipulize kwa mdomo, hayo ni mate. Na mwimbaji asiilambe: akae umbali wa shubiri moja, katikati kuwe na chujio. Soksi ndefu ya kike ukiivuta juu ya duara la waya wa nguo inatosha kabisa, usiende kutoa elfu hamsini.

Ukiwa hapo angalia na vichwa vya kebo. Ukiona kutu ya kijani, hiyo ni chumvi ya upepo. Pamba na spiriti, ufute.

Laptopu ikiwa kwenye chaji, spika na maiki vinalia "mmmm". Nikichomoa chaja, kimya. (Chumbageni)

Umeshajitibu nusu. Ukigusa mwili wa laptopu kwa mgongo wa mkono wakati iko kwenye chaji, nafikiri unasikia kitu kama sisimizi wanatembea. Ni umeme unaovuja kutoka kwenye chaja ukitafuta pa kwenda, na huenda soketi yako haina athi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Nyumba nyingi zina tundu la tatu lakini nyuma yake hakuna waya, ni pambo. Mwite fundi umeme mwenye leseni apime. Kwa sasa rekodi kwa betri.

Na mtu asikwambie ukate pini ya athi ili mngurumo ukome. Wapo wanaoshauri hivyo, na mngurumo kweli unaweza kukoma. Siku kifaa kikipata hitilafu, njia ya umeme kwenda ardhini itakuwa wewe, umeshika maiki ya chuma, midomo ikiwa juu yake.

Naomba unielekeze pa kupata FL Studio ya bure, iliyovunjwa. (Wengi)

Hapana. Kuna programu nyingine za kurekodi: Reaper inakupa siku 60 za kujaribu, na leseni yake ya mtu wa kawaida ni dola 60. Audacity ni bure kabisa, ukitaka kunasa sauti tu inakutosha. Hao wanaowapa programu zilizovunjwa hawawapendi kihivyo, wanawapa na virusi. Halafu mnakuja kunililia kwamba watu wameiba nyimbo zenu.

Assalam aleykum, fundi. Sisi ni kikundi cha taarabu, waitikiaji saba na wapigaji wanne. Prodyuza anataka kuturekodi mmojammoja, na sauti ya mwimbaji wetu ameipitisha kwenye Auto-Tune, imekuwa kama mashine. Anasema ndiyo kisasa. (Ngamiani)

Waaleykum salaam, dada zangu. Mmenigusa penyewe.

Tanga ndio mji uliowapa watu Black Star, kikundi kilichoiingiza taarabu ya gitaa la umeme na besi kwenye masikio ya pwani nzima, na ndiko alikotamba mwimbaji Bi Shakila. Enzi hizo bendi ilikuwa inarekodi pamoja chumba kimoja, na ukisikiliza utasikia mpiga gitaa anamsubiri mwimbaji avute pumzi. Mtu akirekodiwa peke yake na mdundo wa mashine masikioni, hana wa kumsubiri.

Auto-Tune imeingia sokoni mwaka 1997, na kazi yake ni kuivuta sauti iende kwenye noti iliyo karibu. Mwimbaji wa taarabu hakai juu ya noti muda wote. Anateleza kutoka moja kwenda nyingine, anaizunguka, anaigusa kwa chini kabla ya kuifikia, na utamu wote umo kwenye ule mtelezo. Mashine inadhani ni kosa, inaukata vipande kama ngazi. Mwambieni aizime. Penye kosa la kweli, mwimbaji arudie mstari. Akisema kurudia kunapoteza muda, tafuteni mwingine, huyo hajui anachokirekodi.

Kama ana matundu manne ya kuingizia sauti, inatosha. Besi iingie moja kwa moja kwa waya. Gitaa liwe na maiki yake, ngoma nazo maiki moja, na mwimbaji aimbe palepale ili kuwaongoza, japo sauti ya mwisho ataiingiza baadaye chumba cha pili penye kabati la nguo la kumeza mwangwi. Kiitikio kirekodiwe baada ya hapo: wote saba wasimame nusu duara mbele ya maiki moja, kama mita moja na nusu hivi. Msimwongezee wala kumpunguzia mtu sauti kwa kompyuta. Mwenye sauti kali arudi nyuma hatua, mwenye sauti ndogo asogee. Mkirudia mara tatu na kuziunganisha, mtakuwa kama ishirini na moja.

Neno moja hamkuliuliza. Kabla ya kuingia andikianeni karatasi: wimbo wa nani, tungo za nani, na mafaili yote mtapewa lini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, lakini kesi nyingi zinazonijia hazina hata karatasi ya daftari ya kuonyesha.

Fundi, mwanangu amemaliza kidato cha nne, anataka laki nane afungue studio chumbani kwake. Mimi nauza samaki. Nimpe? (Sahare)

Usimpe zote, mama. Wala usimkatalie.

Mwambie achukue simu aliyonayo, afungue kabati la nguo, asimame mbele yake na akuletee vitu vitatu kwa mwezi mmoja: kaswida ya watoto wa madrasa, tangazo la duka la jirani, na wewe mwenyewe ukisimulia hadithi aliyokuwa akikuhadithia bibi yake. Sikiliza kwa hedifoni za mtu. Kama kelele za mtaa ni nyingi kuliko maneno, laki nane zisingemsaidia. Kama ya tatu ni safi kuliko ya kwanza, huyo anasikia, mpe laki tatu za mwanzo: hedifoni zinazoziba masikio, maiki ya dainamiki, na mbao za zile fremu nilizosema juu. Pesa ya saundi kadi aitafute kwa kurekodi matangazo ya maduka. Kompyuta ya kuazima inatosha kwa kuanzia.

Muulize pia nani atamlipa. Akikujibu "wasanii", cheka kidogo. Wasanii wa rika lake hawana kitu. Wenye pesa ni maduka, shule zinazotaka nyimbo za mahafali, vikundi vya kaswida na kwaya, na gari la mnada linalopita na spika juu.

Wimbo wangu ukimaliza niupandishe sauti kiasi gani? Nimekutumia WhatsApp usikilize. (Pongwe)

Wakati wa kurekodi, vilele visivuke -6 dB kwenye kipimo cha programu. Sauti iliyopasuka hairudi. Ukimaliza usiubane mpaka uwe tofali, Spotify huzishusha nyimbo zenye kelele kuelekea -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima), kwa hiyo utakuwa umeuua bure. Huo ulionitumia WhatsApp umekuja kama ujumbe wa sauti, nasikia na jogoo. Nitumie faili la WAV, lisilobanwa.