Papa na kitufe

Kaka, umeuliza kwa nini vijana transjenda (wanaojitambua kwa jinsia tofauti na waliyoandikiwa walipozaliwa) hapa Mombasa wanatumiana picha za papa wa kuchezea na lile swali la kitufe: ukikibonyeza uamke ukiwa msichana, utabonyeza? Papa huyo ni Blåhaj, samaki wa kitambaa wa IKEA, kampuni ya samani ya Uswidi. Samawati, nyeupe na waridi ya mdomoni ndizo rangi za bendera ya transjenda aliyobuni Monica Helms 1999.

Kitufe ndicho kizito. Katika ndoto ya kitufe hicho hakuna karani anayetazama kitambulisho, kisha uso wako, kisha kitambulisho tena, huku foleni nzima nyuma ikinong'ona. Audrey Mbugua, mwanamke transjenda Mkenya, ilibidi aende Mahakama Kuu, nayo 2014 ikaamuru jina libadilishwe kwenye cheti chake cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Usiwaite wagonjwa, nakuomba sana.